Kufuli la Jenereta

Unatazama dari, mwanachama, kama ulivyoitazama mwaka ule jenereta ilipofungwa. Nyamizi, fundi wa kompyuta wa kiwanda cha maziwa cha ushirika, aliwaona wanachama wote mkutanoni wakitazama dari. Akaweka mezani kufuli lenye kutu, lililokatwa kwa msumeno.

"Mnalikumbuka? Muuzaji aliifunga jenereta yetu, akasafiri na ufunguo. Umeme ulipokatika, maziwa ya siku tatu tuliyamwaga mtaroni."

"Dada, wewe husahau?" Meneja Lukindo alicheka, mkataba wa kampuni ya kompyuta mbele yake. "Hii ni seva, kompyuta kuu ya kiwanda, si jenereta. Mfumo endeshi wao ni wa kisasa."

"Nywila kuu atashika nani?"

"Wao. Ndio wataalamu."

"Basi ni kufuli lile lile, limepakwa rangi. Mfumo huria, usio na muuzaji wa kuufunga, nimeujaribu tangu masika, unakwenda vizuri, na nywila tunashika wenyewe."

"Ulisomea wapi wewe?" mjumbe mmoja akachokoza. Kicheko kikapasuka.

"Mtaroni, nikimwaga maziwa."

Kicheko kikakatika. Lukindo akashusha kalamu penye nafasi ya saini. Nukta ya wino ikaanza kutanda kwenye karatasi. Wewe uliyekaa ubavuni pake, acha dari. Mshike mkono, sasa hivi!