Macho ya Bibi Hayasomeki

Kijiko kiligonga kikombe kabla ya alfajiri. Mjukuu wangu Tunu alikuwa akinikorogea chai.

Siku hizi televisheni huhesabu macho yanayoitazama, na kadiri yanavyozidi, ndivyo mwenye nayo anavyopata intaneti bure. Tunu aliniletea yake, akawa anakuja kila siku tutazame pamoja. Nilidhani ni mapenzi.

Leo televisheni ikasema, "Macho ya bibi hayasomeki." Mtoto wa jicho ameyafunika.

Tunu akaichomoa. "Naipeleka kwa Bi Msiri, jirani yetu. Yeye bado anaona."

"Na masikio yangu je? Hayahesabiwi?"

"Bibi nawe! Masikio nani anayataka?"

Hata hivyo, alinifunika miguu kwa khanga kabla ya kuibeba.

"Uje tena, mama," nikamwambia. "Uje hata mikono mitupu."