Nati za Gereji

"Mzee, binti amevua kila kitu chenye chuma?"

"Kila kitu. Hata hereni ninazo hapa."

Mpimaji wa mifupa akamgeuzia baba skrini. Mifupa ya nyonga ilikuwa imefifia kama ya bibi kizee, na juu yake, kwenye kiuno cha sketi, vilimeta viduara vyenye matundu katikati.

Baba alivitambua. Alikuwa fundi magari, na siku hizi nati zilikuwa zikimpotea gereji.

Mpimaji aliufumua mshono kwa mkasi. Nati zikadondoka moja moja kiganjani mwa baba, zikiwa na joto la mwili. Binti alibaki amelala kitandani, mkono ulioteguka na kuvunjika alipojikwaa tu ukiwa kifuani.

"Lakini kliniki kila wakimpima uzito, anaongezeka," baba alisema. "Nesi alinipa hongera. Nikatembea kifua mbele, nikisema mwanangu sasa anakula."

"Tuanze upya," mpimaji alisema. "Kwanza mizani."

Binti alishuka kitandani, akasimama mbele ya mizani bila kupanda.

"Baba, geukia ukutani."

Baba alizitia nati mfukoni. Hakugeuka. Alimpa mkono apande.