Maji ya Atupele

Maharage ya darasa la tatu yalikuwa yameota, kila kopo na jina lake, isipokuwa la Atupele. Pamba yake ilikuwa kavu kabisa.

"Maji ninayokugawia kila asubuhi unayapeleka wapi?" Mwalimu Kibona alifoka.

Mtoto akatoa chupa ya plastiki mkobani. "Nampelekea mama. Ulisema kilichofukiwa kikipata maji na hewa kinaota. Hewa nimemtobolea kwa kijiti."

Mama yule walimzika Jumamosi, na mwalimu mwenyewe alishika koleo.

Akaichukua chupa. Ilikuwa nusu. Akaenda kwenye ndoo, akaijaza mpaka juu, akamrudishia. Atupele aliishika kwa mikono miwili akaivuta, lakini mwalimu alikuwa bado hajaiachia.