Matone ya Ganzi

Mwanamume alikuwa anatetemeka mpaka benchi zima likacheza, na mama mwenye saluni aliyeketi pembeni yake akashindwa kujizuia kumtazama. Koti alikuwa amelifunga hadi kooni, miguuni kavaa viatu vya mpira, kama mtu aliyekurupushwa kitandani.

"Pole, kaka," akamwambia. "Na wewe una mtoto humo ndani?"

Mwanamume akautazama mlango wa chumba cha upasuaji, akaitikia kwa kichwa.

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza," akajibu.

Mwenye saluni akamhurumia. Yeye alikuwa amemleta kitinda mimba wake, binti mwenye makengeza, anyooshwe jicho ili wenzake darasani waache kumuuliza anamtazama nani. Hofu alikuwa nayo, ila ameimeza. Tena muuguzi alikuwa amempa somo zima asubuhi ile, akaona si vibaya naye kumgawia mwenzake.

Akamweleza kwamba watoto hawapasuliwi wakiwa macho. Hulazwa usingizi wa dawa, hata ukiwaita hawasikii. Kazi ikiisha, kabla hawajaamka, hudondoshewa matone ya ganzi jichoni, baadaye wakapewa na dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ili waamke wakidai chakula badala ya kulia. Mwanamume alisikiliza kwa adabu, akanong'ona, "Ndivyo, dada, ndivyo hasa," na kuzidi kutetemeka.

Basi, ili kumtia moyo, akamtolea siri. Yeye hakukubali daktari wa kubahatisha. Walikuwa wamepangiwa yule mzee wa siku zote, mwenye miwani minene. Lakini shemeji yake, mtu mzito mjini, akapiga simu mahali, mzee akawekwa kando, akaletwa bingwa aliyerudi juzi tu kutoka masomoni ng'ambo, vyeti hata wino haujakauka.

"Wewe hukuwa na mtu wa kukupigia simu?"

"Mimi nilipigiwa, dada," mwanamume akasema kwa unyonge. "Jana jioni. Nikashindwa kukataa."

Mwenye saluni akaona woga umeshamvuruga akili maskini wa Mungu. Akauchukua mkono wake, baridi na umelowa jasho, akauminya kama anavyouminya wa mwanawe.

"Jikaze, kaka. Mtoto akiuona mkono huu atadhani mgonjwa ni wewe."

Alikuwa bado ameushika pale mlango ulipofunguka. Muuguzi wa asubuhi akatoka, akamwambia mama asiwe na shaka, binti amelala vizuri, hajui lolote. Kisha akamgeukia mwanamume, akapunguza sauti.

"Daktari, vua koti. Tunakungoja wewe."