Kaburi Namba 43

Maua mapya yalikuwa pale tena, mawaridi mekundu ndani ya mkebe wa kahawa, na si Kamene aliyeyaweka.

Aliyachomoa, akayatupa nje ya uzio kama wiki iliyopita, akaweka yake. Kisha akaketi kando ya kaburi namba 43, lenye kibao cha namba tu, bila jina.

"Ni nani huyo, Simeon?"

Mumewe alifariki wakati wa korona. Kamene mwenyewe alikuwa wodini, akipumulia mashine, na wakamzika bila yeye. Alipopona alipewa karatasi iliyochapwa kwenye kompyuta: Simeon Nzioka, 43. Tangu hapo alikuwa akija kila Jumapili kutoka Witeithie.

Mungu hakuwajalia mtoto. Simeon hakuwahi kumlaumu kwa hilo. Mama yake alipoanza maneno, yeye alisukuma sahani na kumwambia Kamene waende nyumbani. Lakini sasa, Kamene akichemsha chai, alimwona mwanamke. Akifumba macho, alimwona mwanamke yule yule, mdogo kuliko yeye, ameshika waridi.

Mwishowe akaenda ofisi ya makaburi. Karani, Ishita, alimpa kiti na kikombe cha chai kabla ya kumuuliza shida yake. Akafungua kitabu cha zamani cha kuandikwa kwa mkono, akalitafuta jina la Simeon.

"Mama, hili ni kosa letu."

Alimwonyesha kwa kidole: 4³. Nafasi ilikuwa haba, watu wakazikwa juu ya wengine. Ile tatu ndogo ya juu ilimaanisha Simeon ni wa tatu kulazwa katika kaburi namba 4. Kitabu kilipoingizwa kwenye kompyuta, tatu ikashuka mstarini, ikakaa sawa na nne. Ni waliokuwepo siku ya mazishi tu ambao wangejua alipo.

Kamene akauliza, kwa sauti ndogo, nani basi alilala namba 43.

Ni mke wa mzee Mugo wa Ruiru. Mzee huja kila Ijumaa na mawaridi. Hukuta yake yametupwa, na ya mtu asiyemjua yamewekwa. Hajawahi kuyaondoa, Ishita alisema. Huyatilia maji.

Kamene alilia, halafu akacheka huku machozi yakimtoka. Alimwomba Ishita amwambie mzee huyo pole, na asante. Akatoka akipita kati ya misalaba, akimwomba Simeon msamaha njia nzima kwa kumfikiria vibaya.

Kaburi namba 4 lilikuwa karibu na ukuta. Lilikuwa limefagiliwa vizuri. Msichana mwenye sare ya shule alikuwa amepiga magoti, akipaka rangi upya jina la Simeon Nzioka msalabani.

Alimwona mama mzee, rika la nyanya yake, amesimama, akasogea kumpisha akae.

"Habari yako, cucu," alisema. "Na wewe ulimjua baba?"