Posa ya Sita

Panga liliteleza kwenye dafu likamkata mchumba wa Mwanarehema kiganjani, hata mfupa ukaonekana. Mwanarehema alikimbilia ndani kuchukua kanga ya kumfunga. Aliporudi barazani, jeraha lilikuwa likijifumba lenyewe, taratibu, mpaka damu ikakatika.

Hakupiga kelele. Jambo hilo alikuwa ameliona mara nyingi, ila kwenye mwili wake mwenyewe.

Majirani wa Mtongwe walimjua kama mjane wa miaka thelathini. Hawakujua kwamba amezika waume watano, wote wakiwa wamezeekea mikononi mwake, na kwamba baada ya kumzika wa tatu machozi hayakumtoka tena. Huyu wa sita alimkubali kwa sababu alijua kumchekesha. Harusi ilikuwa Ijumaa.

Mwanamume alifuta kiganja kwenye kikoi. Ngozi ilikuwa laini, haina hata alama.

"Nilitaka kukwambia, wallahi," alisema. "Wake zangu wote wamekufa. Mimi sifi."

"Hata mimi sifi."

Mwanamume alimkodolea macho, kisha akaanza kulia kwa furaha. "Basi hatutaachana, Rehema. Wewe na mimi, milele."

Mwanarehema alingoja furaha imjie, lakini hakuhisi kitu. Wale watano aliwapenda akijua kwamba siku moja angebaki peke yake, na hilo lilimrahisishia kupenda. Neno milele hakuwahi kuambiwa na mtu awezaye kulitimiza.

Alivua pete ya uchumba, akaiweka mkekani katikati yao.

"Nipe miaka ishirini," alisema, "nifikirie."