Zimwi Linapokula

Kidole cha mtu kilidondoka kutoka kwenye mkoba wa mke, kikabiringika hadi chini ya meza. Kilikuwa cha mpira tu, kimepakwa rangi nyekundu, lakini mume alikisukuma kwa ncha ya kiatu.

Alikuwa amechoka. Mkewe alirekodi sauti za sinema za kutisha, zile za bei chee, na kila jioni alirudi akinuka kazi yake. Juzi ilikuwa kabichi lililooza, la kuvunjwa kama shingo. Jana ndoo ya maini, ya kuminywa yasikike kama moyo unang'olewa. Mtu mzima, mke wa mtu.

"Uchafu huo au mimi," alimwambia, akivuta sahani ya pili. "Chagua."

Mke hakubisha. Alizima redio, kama alivyozoea siku hizi wakati wa chakula, akamsogezea mumewe chombo cha maua ya plastiki, akamwambia ale kwa nafasi. Aliomba kitu kimoja tu: aje kwenye onyesho la kwanza la sinema mpya. Akitoka pale bado ana kinyaa, basi yeye ataacha kazi. Mume akaona mambo yamenyooka. Hata kugombezwa mezani kwa namna anavyokula kulikuwa kumekwisha.

Ukumbi ulijaa. Zimwi lenyewe lilikuwa kichekesho: magunia, manyoya ya godoro, na zipu inaonekana mgongoni. Mume alicheka kimoyomoyo. Kisha likainamia maiti, likaanza kula.

Hapo hakucheka tena. Ulimi ulichapa mate, mfupa ukafyonzwa hadi mwisho, pumzi nzito ikapita puani, kisha ikaja mbweu ndefu ya kuridhika. Mama mmoja alitoka mbio, mkono mdomoni. Mume naye aliziba masikio.

Taa zilipowashwa alimgeukia mkewe, amekasirika hasa. Neno lake lilikuwa lile lile, kesho aende akaage kazini.

"Hivi kiumbe kinachokula vile, nani anaweza kukaa nacho meza moja?"

"Mtu huzoea," mke alisema.

Mwongozaji wa sinema alikuwa anawajia, uso umechanua. Alimpita mke, akaushika mkono wa mume kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, asante sana," alisema. "Tulijaribu fisi, tukajaribu nguruwe. Hakuna aliyekufikia."